Umeuliza, darasa liko kimya: wapi pa kukagua kwanza

Malalamiko ya walimu kuhusu maswali ya darasani hayana aina nyingi. Kaa kwenye chumba cha walimu muhula mmoja utayasikia yote: "Hawajibu." "Wanajibu wale wale." "Wanaitikia ndiyo mwalimu, ukisahihisha daftari hakuna kitu." Na dawa inayotajwa karibu kila mara ni ile ile: tunga maswali bora. Basi mwalimu anarudi kwenye andalio lake la somo, anafuta "taja" na kuandika "jadili", anaingia darasani, na darasa linabaki kama lilivyokuwa jana.

Mimi naanzia kwingine. Mara nyingi swali lenyewe halina ubaya. Hitilafu iko kwenye sekunde chache zinazofuata swali, na zile zinazofuata jibu. Huko ndiko pa kukagua kwanza, kwa sababu ni rahisi, hakuna gharama, na huhitaji kuandika andalio upya.

Kifaa cha ukaguzi ni simu. Rekodi sauti ya dakika kumi za kipindi chako (fuata utaratibu wa shule kuhusu kurekodi wanafunzi, na ukimaliza kusikiliza, futa). Kisha hesabu vitu vitatu tu: umeuliza maswali mangapi, umesubiri sekunde ngapi baada ya kila moja, na nani amejibu. Niliporekodi kipindi changu mara ya kwanza niliona aibu. Maswali mengi nilikuwa nimejijibu mwenyewe, tena kwa ufasaha. Ugonjwa huu si wa jana: mwaka 1912 mtafiti wa Marekani, Romiett Stevens, alihesabu maswali ya walimu na kukuta wastani wa karibu 395 kwa siku, mengi yakitaka kumbukumbu tu. Kwa kasi hiyo hakuna mtoto anayeweza kufikiri hata akitaka.

Dalili ya 1: Umeuliza, hakuna anayejibu

Sababu nazipanga kuanzia inayotokea mara nyingi zaidi. Usiruke.

*Hujasubiri.* Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alisikiliza rekodi nyingi za vipindi miaka ya 1960 na 1970. Alikuta kwamba baada ya kuuliza, walimu husubiri kwa wastani sekunde moja hivi, kisha wanarudia swali, wanamtaja mtu mwingine, au wanajibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu!

Ukaguzi: sikiliza rekodi yako ukiwa na saa. Ukiona chini ya tatu, usiendelee na sababu nyingine. Rekebisha hii kwanza kwa wiki mbili. Namna ya kufanya: uliza, funga mdomo, vuta pumzi mbili taratibu. Usirudie swali kwa maneno mapya, maana aliyekuwa ameshaanza kupanga jibu atalazimika kuanza upya. Usitembee. Usifute ubao. Na jina la mjibu liwe la mwisho. Ukisema "Amina, kwa nini barafu inaelea?" umewapa wengine wote ruhusa ya kupumzika kabla hata hujafika kwenye alama ya kuuliza. Swali, kimya, ndipo jina.

Tahadhari moja: kusubiri kunasaidia maswali ya kufikiri. Kwenye saba mara nane, mwenye jibu analo na asiye nalo hatalipata kwa kukodoa macho dari. Hapo kimya kirefu ni adhabu.

*Umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja.* "Kwa nini mvua inanyesha, yaani yale maji yanatoka wapi, mawingu yanatengenezwaje?" Mwanafunzi hajui ashike lipi, na anayejua moja anaogopa kwamba ulitaka lingine. Dawa yake ni chaki: swali kubwa la kipindi liandikwe ubaoni, neno kwa neno, kabla hujalisoma. Utashangaa jinsi swali lililoonekana zuri kichwani linavyopwaya likiandikwa.

*Hawana mahali pa kukosea.* Wazo linapozaliwa huwa bichi. Kulitoa likiwa bichi mbele ya wenzako hamsini kunahitaji ujasiri ambao hata sisi watu wazima hatuna. Kumbuka mkutano wa mwisho wa walimu na nani alisema. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland alipendekeza mwaka 1981 njia ambayo wengi tunaijua kama fikiri, jozi, shirikisha: dakika moja kila mtu na daftari lake, dakika mbili na jirani, kisha darasa zima. Wengi hukosea kwenye hatua ya kwanza kwa kuiruka. Bila ile dakika ya kuandika, kwenye jozi mmoja anaongea na mwingine anatikisa kichwa. Na mnapofika kwenye darasa zima, jaribu kuuliza "Mwenzako amesema nini?" badala ya "Wewe unasemaje?" Mtoto hubeba wazo la jirani kwa uhodari kuliko lake mwenyewe, na hapo hapo umejua kama alisikiliza.

*Kuna anayecheka.* Kicheko kimoja cha nyuma ya darasa kinafunga midomo kwa wiki nzima. Kikitokea, simamisha kipindi pale pale, kwa maneno machache, bila hotuba. Kisha rudi kwenye jibu lililochekwa ulitendee haki: "Hebu tuone, ingekuwa hivyo kweli, tungetarajia kuona nini?" Na jichunguze pia. Wakati mwingine anayecheka ni mwalimu.

*Hawajui.* Sababu hii nimeiweka mwisho makusudi, kwa kuwa ndiyo tunayoitaja kwanza. Ukaguzi: waambie kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu mada, zunguka usome. Kurasa zikiwa tupu, acha kuuliza. Kisima kikavu hakitoi maji kwa kuongeza kamba. Fundisha, onyesha, wape mfano, halafu swali lirudi.

Dalili ya 2: Mikono ile ile minne

Sababu ya kwanza ni mkono wenyewe. Utaratibu wa kunyoosha mkono unamwachia mwanafunzi aamue kama leo atashiriki au la, na wengi wameshaamua tangu mwaka jana. Andika majina kwenye vijiti, weka kwenye kopo, uliza, subiri, chomoa. Njia hii imesambazwa sana na Dylan Wiliam wa Uingereza. Mkono unabaki kwa ajili ya kuuliza tu. Mtego wake ni mmoja: kijiti kilichochomolewa kirudi koponi. Kisiporudi, aliyeitwa dakika ya tano analala hadi kengele.

Kuwe na njia ya heshima ya kutoka. "Nipitie kwanza, urudi kwangu" ni jibu halali, mradi kweli urudi. Usiporudi, wiki ijayo darasa zima litakuwa linaomba kupitiwa.

Kama vijiti havikubadilisha kitu, kagua macho yako. Chora mpangilio wa madawati kwenye karatasi, mpe mwalimu mwenzako aweke alama kila unapomtazama au kumsemesha mtu. Wengi wetu tuna upande mmoja wa darasa tunaoufundisha na mwingine tunaoulinda.

Dalili ya 3: "Ndiyooo mwalimu!"

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote, kwa sababu inasikika kama afya. Mwalimu anasema, "Mimea hujitengenezea chakula kwa njia ya usanisi...?" na darasa linapaza, "Nuruuu!" Lugha yetu yenyewe inachangia. Silabi zimefunguka, neno refu ukilikata katikati linajimalizia lenyewe mdomoni, na sauti ya mwalimu ikipanda kidogo mwishoni kila mtu anajua zamu yake imefika. Mtoto anaweza kuitikia kipindi kizima kwa kusikiliza wimbo tu, bila neno moja kuingia.

Sisemi kuitikia kwa pamoja kufutwe. Kwa kuzoeza matamshi, kukariri jedwali la kuzidisha au kuamsha darasa la mchana, kunafaa. Ila hakufai kama ushahidi. Na "Mmeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu la adabu.

Weka mahali pake swali la njia panda: swali moja, katikati ya kipindi, lenye majibu manne ambapo kila jibu la makosa linatokana na dhana potofu unayoijua. Kwa mfano: *Mbegu ina uzito wa gramu chache, mti uliokomaa una uzito wa tani. Sehemu kubwa ya maada kavu ya mti huo (ukiondoa maji) imetoka wapi?* Moja, udongo. Mbili, mbolea. Tatu, hewa. Nne, mwanga wa jua. Wote wafumbe macho, waonyeshe vidole kifuani kwa mara moja. Sekunde kumi, na umewaona wote bila yeyote kunakili kwa jirani.

Vidole vinavyosema udongo huwa vingi. Hata watu wazima husema hivyo, ingawa Jan Baptist van Helmont alishauvuruga uhakika huo kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1648: alipanda mche kwenye udongo alioupima, akaumwagilia maji miaka mitano, mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua gramu zipatazo 57. Akahitimisha kwamba ni maji tu, naye akakosa, kwa kuwa hakuihesabu kabonidioksaidi iliyoko hewani. Hadithi hiyo wape *baada* ya vidole. Ukiitoa kabla, umelichinja swali.

Kuhusu kusoma matokeo, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza kutumia maswali ya aina hii mwaka 1991, ana kanuni inayofaa hata bila vifaa vya umeme. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe. Wakiwa kati ya 30 na 70, wageuziane jirani mwenye jibu tofauti, wabishane, kisha waonyeshe vidole tena. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi na songa mbele. Kundi la katikati ndilo lenye faida kubwa: wanaojua wapo wa kutosha kuwashawishi wasiojua, kwa maneno ya rika lao.

Dalili ya 4: Jibu la neno moja, sahihi, na hapo hapo limekufa

Sababu ya kawaida ni neno "Vizuri!" Hugh Mehan, aliyechambua mazungumzo ya darasani katika kazi yake ya mwaka 1979, alieleza mwendo wa hatua tatu ambao ukishauona hutaacha kuuona: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatathmini. Tathmini ni kufuli. Ukishasema vizuri, hakuna sababu ya yeyote kuongeza neno.

Basi subiri mara ya pili, *baada* ya jibu. Hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa ulimi unawasha. Jibu limetoka, wewe tazama kwa utulivu, pumzi mbili. Mara nyingi aliyejibu ataendelea mwenyewe: "...kwa sababu..." Au mwingine ataingia. Asipoingia mtu, dodosa:

- Umefikaje hapo?
- Nani anaweza kulieleza hilo hilo kwa maneno mengine?
- Kuna wakati ambapo hilo si kweli?
- Juma amesema hivi, Neema alisema vile. Vyote viwili vinaweza kuwa sawa?

Ona kwamba sikuanza na "kwa nini". Katika masikio ya mtoto, "Kwa nini umesema hivyo?" ni sauti ya mzazi aliyekuta sufuria limeungua. Atajitetea au atafuta jibu lake. "Umefikaje hapo?" inauliza kitu kile kile bila mashtaka. Halafu dodosa majibu sahihi sawasawa na yenye makosa. Ukidodosa makosa pekee, darasa litajua siku ya pili kwamba mwalimu akiuliza zaidi maana yake umekosea.

Sababu ya pili, sasa, ndiyo ile ambayo wengi huanza nayo: swali ni funge, yaani lina jibu moja fupi tu. Hapa ndipo ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2001, huletwa mezani pamoja na orodha ya vitenzi. Orodha ni nzuri, lakini kitenzi peke yake hakimfikirishi mtu. "Jadili sababu nne za mmomonyoko wa udongo" ni kukariri kama sababu hizo nne ziliandikwa ubaoni jana. Kipimo changu ni hiki: je, jibu linapatikana kwenye daftari la mwanafunzi kama lilivyo? Likipatikana, ni la kumbukumbu, hata ulivalishe kitenzi cha kifalme.

Njia ya haraka ya kulirekebisha ni kutoa jibu na kuuliza kazi. Badala ya "Ipi kubwa, theluthi au robo?" sema: "Kuna mwanafunzi anadai robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mchoree kitu kitakachomfanya abadili mawazo." Hesabu ni ile ile, kazi ya kichwa imeongezeka maradufu. Na yule aliyekuwa anaamini hivyo kimoyomoyo amesahihishwa bila kutajwa jina.

Dalili ya 5: Umeanza na swali zito, ukamalizia na jepesi

Hii haionekani hadi uisikie kwenye rekodi. Sikiliza:

— Kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea?
(kimya)
— Meli ni kubwa au ndogo?
— Kubwaaa!
— Na ndani yake ni chuma kitupu, au kuna ha...?
— Hewaaa!
— Kwa hiyo inaelea kwa sababu ina...?
— Hewaaa!
— Vizuri sana.

Mwalimu ametoka akiamini darasa limejibu swali zito. Limejibu maswali matatu ambayo hata asiyewahi kuona meli angeyajibu. Heinrich Bauersfeld, mtafiti wa Ujerumani katika ufundishaji wa hisabati, aliufananisha mwendo huu na faneli: kila swali ni jembamba kuliko lililotangulia, hadi mwanafunzi hana pa kwenda ila kwenye neno ambalo mwalimu alikuwa amelishika tangu mwanzo.

Sababu kubwa ni huruma, pamoja na saa ya ukutani. Kimya kinatuuma, tunawakatia njia. Sababu ndogo ni kwamba hatukuandaa msaada mapema, kwa hiyo tunabuni papo hapo, na kinachokuja haraka ni kidokezo cha jibu.

Matengenezo ya kwanza ni kusaidia bila kupunguza swali. Wape kitu cha kutazama, si neno la kumalizia. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ikunje iwe mashua, iweke majini: inaelea. Chukua kipande kingine kama hicho, kikunje na ukigonge kwa nyundo hadi kiwe kidonge kigumu: kinazama. Kisha uliza: "Kitu gani kimebadilika na kitu gani hakijabadilika?" Swali zito bado liko ubaoni, zima. Sasa wana pa kushika, na wataanza kuzungumzia nafasi ambayo mashua inachukua majini na maji inayoyasukuma, badala ya kukariri "hewa".

Matengenezo ya ndani zaidi hufanyika usiku, kwenye andalio. Chini ya swali kubwa andika mambo matatu: jibu potofu unalolitarajia, kitu utakachoonyesha wakikwama, na neno ambalo *hutalisema*. Hilo la tatu ndilo linalonisaidia mimi. Kwenye kipindi cha meli neno langu la mwiko lilikuwa "hewa".

Dalili ya 6: Wanajibu wakikusoma usoni

Jibu linatoka kama swali ("Ni... theluthi?") na macho yako kwenye nyusi zako. Sababu: wamejifunza kwamba uso wako ndio kitabu cha majibu. Rowe aliiona tabia hii kwenye madarasa yenye sifa nyingi za mdomo. Punguza sifa, andika kila jibu ubaoni bila alama yoyote, sahihi na lisilo sahihi kwa mwandiko mmoja, kisha waulize wao. Tarajia wiki ya kwanza wakereke.

Dalili ya 7: Mjadala ni moto lakini haujafika popote

Kelele si kufikiri. Mara nyingi swali halina cha kulipima, ni maoni kwa maoni. Ongeza sharti: kila anayesema ataje ushahidi mmoja, au aanze kwa kurudia hoja ya aliyetangulia hadi mwenye hoja akubali kuwa imerudiwa sawasawa. Dakika tano za mwisho ziwe za kuandika, kimya.

Simama hapa, ita mwingine

Njia zote hizi ni za darasa lenye hitilafu ya kawaida. Kuna mambo ambayo swali, hata liwe zuri namna gani, haliyagusi, na ukiendelea kuuliza utaumiza.

Mtoto anayejibu kitu kisichohusiana kabisa, anayeomba urudie kila mara, au anayetazama midomo yako: usimwite kwa kijiti. Msogeze mbele, zungumza na mzazi au mlezi, apimwe masikio. Mwenye kigugumizi asilazimishwe kusema mbele ya darasa na asimaliziwe maneno yake. Kubaliana naye faraghani atashirikije, na tafuta mtaalamu wa matamshi kama yupo. Anayejibu vizuri kwa mdomo lakini hawezi kuandika sentensi mbili, au kinyume chake, kwa muda mrefu, anahitaji mtu wa elimu maalumu, si swali gumu zaidi. Na kama anafikiri vizuri kwa lugha ya nyumbani ila anakwama kwa lugha ya kufundishia, tatizo ni lugha. Mruhusu afikiri kwa ile anayoiweza kwanza.

Mtoto aliyekuwa anaongea na ghafla amenyamaza ni suala jingine kabisa. Vijiti viweke chini. Hali kadhalika swali la somo likifungua jambo la nyumbani (umeuliza kuhusu familia, mtoto ameanza kulia au ametaja kupigwa): usidodose, hata kwa nia njema, na kamwe si mbele ya wenzake. Geuza mazungumzo ya darasa taratibu, kaa naye baadaye mahali panapoonekana, msikilize, usimwahidi kwamba itabaki siri, na siku hiyo hiyo mpelekee taarifa mwalimu wa ushauri nasaha au anayehusika na ulinzi wa mtoto shuleni.

Unapopeleka taarifa, peleka ulichoona na kusikia, pamoja na tarehe: "Jumanne kipindi cha tatu alisema maneno haya," kama alivyoyasema. Tafsiri yako iache darasani.